Kinanda cha Santuri ya Tatu

Jumamosi, saa kumi na dakika kumi na mbili alasiri, shangazi yake Mpima aliliweka chini shati la shule alilokuwa akilitia vifungo, akalaza mikono yote miwili juu ya meza, na vidole vikaanza kwenda.

Mpima alikuwa kwenye kochi, mguu wa kushoto juu ya mto. Jumatano alikuwa ameteguka kifundo ndani ya shimo alilolichimba mwenyewe kwa ajili ya jiwe la mpaka. Wahenga wana neno lao kuhusu wachimba visima, na wapima ardhi wenzake walikuwa wameshamkumbusha vya kutosha. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na saba, hakuwa kwenye kikao cha klabu. Alikuwa ameshika simu sikioni. Mitaa mitatu kutoka pale, fundi redio alikuwa ameilaza simu yake karibu na spika ili Mpima, ambaye ndiye katibu, asipitwe.

Klabu ilikuwa na wajumbe wanne na bendi moja. Bendi ilikuwa ya roki ya progresivu, yaani roki ile ambayo wimbo mmoja hula upande mzima wa santuri na mapigo yake hayatoshi kwenye vidole vya mkono mmoja. Ilitoa santuri tano, ikavunjika. Kila Jumamosi wajumbe walikutana katika duka la fundi redio kujadili ipi kati ya hizo tano ni bora, na kura haikuwahi kutoa mshindi. Mpima na fundi redio walisimama na ya tatu, “Chumba Kisicho na Pembe”. Daktari wa Meno, ambaye ndiye mwenyekiti, na Mwalimu wa Hesabu walisimama na ya tano, “Kipimajoto”. Ya kwanza, ya pili na ya nne zilitajwa kwa adabu, kama jamaa wa mbali.

Hoja zilijulikana. Daktari wa Meno alisema kinanda cha santuri ya tatu ni cha mtu anayetafuta funguo kizani. Fundi redio alimjibu kwamba kinanda cha ya tano ni cha mtu aliyezipata funguo akasahau nyumba iko wapi. Mwalimu wa Hesabu alihesabu mapigo kwa penseli na hakuafikiana na yeyote.

Jambo moja halikuwa na ubishi: kinanda cha santuri ya tatu hakikuwa sawa kila wiki. Kuna wiki kilikwenda mbio, kuna wiki kilijikwaa dakika ya kumi na nne. Mwaka fulani kilitoweka siku tisa katika kila nakala mjini, kisha kikarudi kikiwa dhaifu. Mpima aliandika yote hayo kwenye daftari la kumbukumbu, tarehe na saa. Siku hizo tisa yeye mwenyewe alikuwa akipita hospitali kila asubuhi kumwona shangazi, aliyekuwa amelazwa na sindano ya maji mkononi. Ya klabu aliyaandika katika daftari la klabu, ya hospitali katika daftari la nyumbani, na madaftari yale mawili hayakuwahi kukaa meza moja.

Mpiga kinanda aliyeandikwa kwenye jalada alikuwa mdogo wa kiongozi wa bendi. Alifariki miaka kumi na mmoja iliyopita. Jumamosi iliyofuata maziko kinanda kilipigwa kama kawaida, na Daktari wa Meno aliomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba hicho ndicho kiwango cha msanii wa kweli. Iliingia.

Sasa Mpima alikuwa akisikia kinanda hicho kwa sikio la kulia, na kwa jicho la kushoto akiviona vidole vya shangazi yake. Vilipopanda, kilipanda. Vilipokaa, kilikaa.

“Shangazi,” alisema, “hebu nishikie hilo sinia.”

“Huoni nina kazi?”

“Dakika moja tu.”

Aliivuta mikono kutoka mezani kwa nguvu kidogo, kama mtu anayeichomoa kwenye matope, akalishika sinia lililokuwa na glasi mbili za chai. Kwenye simu, dramu na gitaa la besi viliendelea peke yao.

“Kinanda kimekatika,” ilisema sauti ya Daktari wa Meno. “Fundi, umegusa nini?”

“Sijagusa kitu, mwenyekiti. Mikono yangu hii hapa.”

“Weka chini,” Mpima alimwambia shangazi. Akaweka. Kinanda kikarudi. “Shika tena.” Kikakatika. “Weka.” Kikarudi. “Shika.”

“Wewe, umeteguka mguu au kichwa?”

Alimfanyisha hivyo mara tatu. Kazini kwake kipimo kimoja ni uvumi, viwili ni bahati, vitatu huandikwa. Akaandika.

Upande wa santuri ulipokwisha, vidole vilisimama. Shangazi alikiminya kidole cha pete cha mkono wa kulia, kile chenye baridi yabisi, akalichukua shati na kuendelea na kifungo cha nne.

“Tangu lini, shangazi?”

“Tangu itoke.”

“Miaka arobaini na miwili?”

“Kama ndiyo hiyo.” Alikata uzi kwa meno. “Mimi nilidhani unajua. Si ndiye mtaalamu?”

Mpima alifikiri. Nakala yake mwenyewe alikuwa akiisikiliza chumbani, mlango ukiwa umefungwa, kwa heshima ya shangazi ambaye siku zote alisema muziki ule unamchosha.

Shangazi alimweleza bila kuacha kushona. Alikuwa na miaka kumi na tisa na alijua kupiga kinanda kwa sababu palikuwa na kimoja shuleni na yeye ndiye aliyepewa kukifuta vumbi. Mdogo wa kiongozi alikuwa na sura nzuri na noti nne za muziki. Santuri ya tatu ilirekodiwa kwa siku sita. Upande wote wa pili aliutunga yeye na kuupiga yeye. Siku ya picha walisema msichana ataharibu mpangilio, hivyo wakapigwa picha wanaume wanne wakitazama upande ambao hakuna kitu.

“Makoti yao nilishika mimi,” alisema. “Nilikuwa hapo hapo, nyuma ya mpiga picha. Wakasema jina langu litaingia toleo linalofuata.”

“Na ya tano?”

“Ya tano alipiga yule mdogo mwenyewe. Si unasikia?”

Hapakuwahi kuwa na toleo linalofuata. Mikono ilifanya kazi yake kila mtu alipoweka sindano, mchana au usiku, sokoni, kwenye foleni, msibani. Zahanati ilimwandikia vitamini. Watu wawili wakiiweka santuri kwa wakati mmoja, wa pili alipewa kinanda cha wa kwanza, kisicholingana na ngoma zake. Mpima alikumbuka kwamba Mwalimu wa Hesabu alikuwa amejaza daftari zima akithibitisha mapigo kumi na matatu juu ya saba.

Kuna barua iliyokuwa imefika klabuni wiki mbili kabla. Kampuni ya santuri ilitaka kutoa upya moja kati ya zile tano. Ilikuwa imesikia kwamba kuna watu wanaojadili suala hilo kwa miaka kumi na saba, na iliona ni busara kuwaachia wao. Klabu ichague santuri, kisha iandike maneno ya jalada, pamoja na orodha ya wapigaji. Jalada litafuata maandishi ya klabu. Mwisho ulikuwa tarehe thelathini.

Mpima alimsomea shangazi barua hiyo kwa sababu ilikuwa habari inayomhusu. Shangazi alilikunja shati lililokamilika.

“Maneno ya jalada anaandika nani?”

“Katibu.”

“Katibu ni nani?”

“Mimi.”

“Basi,” alisema, na akachukua shati jingine.

* * *

Jumamosi iliyofuata Mpima alifika kikaoni kwa mkongojo, na shangazi pamoja naye.

“Shikamoo, mama,” walisema wote watatu.

“Marahaba. Hali zenu?”

Daktari wa Meno alimpa kiti chenye mgongo. Mpima alieleza alichokipima, akasoma saa na dakika. Fundi redio aliweka sindano. Shangazi alilaza mikono juu ya kioo cha meza ya duka, juu ya vipuri, na akapiga. Dakika ya sita Mpima alimpa glasi mbili za maji zilizojaa hadi ukingoni, kinanda kikanyamaza. Dakika ya nane akazipokea. Kikaendelea pale kilipostahili kuwa.

Upande ulisikilizwa hadi mwisho. Siku hiyo hakujikwaa dakika ya kumi na nne.

Fundi redio ndiye aliyefurahi kuliko wote. “Mwaka ule kinanda kilipotoweka nilibadilisha sindano tatu na mikanda miwili,” alisema. “Nikaitukana mashine. Kumbe mama alikuwa anaumwa.”

“Pole, mama,” alisema Mwalimu wa Hesabu. “Nina swali. Pale mapigo yanapokuwa kumi na matatu, unahesabu vipi?”

“Ni saba, mwanangu. Hayo mengine ni ya jirani.”

Mwalimu wa Hesabu aliandika saba, akaitazama, akaipigia mstari. Kisha akaomba kura ipigwe, na akaipigia ya tatu. Ilikuwa mara ya kwanza mjumbe kuhama. Fundi redio akaipigia ya tatu, Mpima ya tatu. Daktari wa Meno alibaki na ya tano, kwa sababu, alisema, mtu hang'oi jino zima kwa kuwa la pembeni linauma. Tatu kwa moja. Mjadala wa miaka kumi na saba ulifungwa saa kumi na moja kasoro dakika tano.

“Tuje kwenye orodha ya wapigaji,” alisema mwenyekiti.

“Napendekeza,” alisema Mpima, “kwenye kinanda tuandike jina la shangazi.”

“Kwa ushahidi upi?”

“Si tumeona kwa macho?” alisema fundi redio.

“Tumeona,” alisema Daktari wa Meno. “Mimi sibishani na nilichokiona. Lakini macho hayamo kwenye kanuni. Katibu, tusomee Ibara ya Sita.”

Mpima hakuhitaji kulifungua daftari, ila alilifungua. Ibara ya Sita ilisema kwamba kuhusu nani alipiga nini, ushahidi unaokubalika ni ule ulioandikwa kwenye jalada, na si vinginevyo. Ilipitishwa mwaka wa pili wa klabu, kipindi ambacho kila mtu alikuwa na binamu aliyewahi kupanga chumba na mpiga dramu. Mtoa hoja alikuwa ameieleza kwa mfano wa kazi yake: majirani wawili wakigombania mpaka, humsikilizi anayelia zaidi, unafungua ramani.

“Mtoa hoja nani?” aliuliza mwenyekiti, ambaye alikuwa anajua.

“Katibu.”

“Na kubadilisha kanuni?”

“Notisi ya siku sitini.”

“Leo tarehe ngapi?”

“Ishirini na moja.”

Shangazi alikuwa akiangalia vipuri chini ya kioo. Vilikuwa vimepangwa kwa ukubwa, na mbele ya kila kundi kulikuwa na karatasi yenye jina lake.

“Kwa hiyo jalada haliandikwi jina langu,” alisema, “kwa sababu jina langu halijaandikwa kwenye jalada.”

“Mama umelieleza vizuri kuliko katibu,” alisema Daktari wa Meno, na alikuwa anamaanisha. “Klabu inakushukuru. Itaingia kwenye kumbukumbu. Ila kama mjumbe wa kawaida naomba jambo moja: pale dakika ya kumi na nne, usiharakishe. Leo umepatia kabisa.”

“Nimesikia,” alisema shangazi.

* * *

Maneno ya jalada Mpima aliyaandika Jumanne jioni kwenye meza ile ile ya mashati. Aliandika historia ya bendi katika aya tatu, zisizo na sifa za bure. Aliandika dramu, besi, gitaa, sauti. Kwenye kinanda aliandika jina kamili la shangazi yake, la maneno matatu. Lilienea vizuri kwenye mstari. Shangazi alikuwa jikoni akiosha vyombo na aliuona mgongo wa Mpima tu.

Hakuna mjumbe ambaye angeliona jalada kabla halijachapwa. Mpima alilijua hilo. Alijua pia kwamba katika miaka ishirini na sita ya kazi hajawahi kusogeza jiwe hata kwa upana wa unyayo, ingawa aliombwa na watu waliokuwa na haki. Alikaa na karatasi dakika kumi na moja. Kisha alichukua rula, akalikata jina kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika la marehemu. Alinakili upya karatasi nzima ili mkato usionekane. Asubuhi aliipeleka posta.

“Umeandika?” aliuliza shangazi Mpima aliporudi.

“Nimeandika.”

Hakumuuliza zaidi. Alikuwa mtu wa kumwamini mtoto wa kaka yake, ambaye hakuwahi kumwambia uongo, na hata siku hiyo hakumwambia.

Nakala tano za klabu zilifika baada ya miezi mitatu. Wakati huo Mpima alikuwa ameshauacha mkongojo. Alimpelekea shangazi moja. Shangazi alifuta mikono, akavaa miwani, akasoma mbele, akasoma nyuma, akaifungua akasoma ndani, kisha akaitoa santuri na kusoma karatasi ya duara iliyobandikwa katikati yake. Wanaume wanne walikuwa bado wanatazama upande ambao hakuna kitu. Picha ilikuwa imesafishwa. Sasa chini yake, pembeni, ilionekana ncha ya kivuli cha mtu aliyebeba mzigo wa nguo.

“Karatasi nzuri,” alisema, akairudisha ndani ya jalada. “Kumbe ulipoandika, uliandika hivi.”

“Kanuni, shangazi.”

“Naijua. Nilikuwepo iliposomwa.” Alivua miwani. “Lile sinia kubwa liko wapi?”

“Juu ya kabati.”

“Nishushie.”

Akamshushia.

Jumamosi, saa kumi na dakika kumi na mbili, fundi redio aliweka sindano kwenye nakala mpya. Dramu zikaanza, besi ikaingia, gitaa likafuata. Pale ambapo kinanda huingia, hakikuingia. Wajumbe walingoja. Dakika ya sita ilipita, na ya kumi. Dakika ya kumi na nne ilipita bila mtu kujikwaa.

“Saba!” alisema Mwalimu wa Hesabu, penseli ikiwa juu. “Ni saba tupu, mwanzo mwisho. Kweli mama alisema.”

“Anaumwa?” fundi redio alimuuliza Mpima.

“Haumwi.”

“Basi ni mashine?”

“Si mashine.”

Daktari wa Meno alikuwa amefumba macho. Upande ulipokwisha aliyafumbua. “Waheshimiwa,” alisema, “mimi huwa sioni aibu kukiri kosa. Hii nakala mpya ndiyo santuri bora ya bendi hii. Imepita hata Kipimajoto. Marehemu amejua kunyamaza, na kunyamaza ni ufundi.”

“Kunyamaza ni ufundi wa nani?” alisema fundi redio. “Mwenyekiti, ile yenye kinanda na hii isiyo na kinanda ni vitu viwili!”

“Ndiyo hoja yangu.”

“Basi tujadili.”

Wakajadili. Mwalimu wa Hesabu alisimama na nakala isiyo na kinanda, kwa sababu inahesabika. Fundi redio alisimama na ile ya zamani. Mpima aliombwa kura yake na hakuitoa. Aliandika kwamba katibu hakupiga kura. Chini yake akaandika: Kinanda, hakuna. Chini yake, kwa maelekezo ya mwenyekiti, akaandika shukrani za klabu kwa marehemu. Mjadala uliahirishwa hadi Jumamosi inayofuata.

Alifika nyumbani saa kumi na moja na dakika ishirini. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti kisicho na mikono, sinia mapajani, amelishika pande zote mbili. Juu yake palikuwa na glasi sita za chai zilizojaa hadi ukingoni. Chai ilikuwa imepoa na kufanya utando. Sinia lilikuwa kavu. Kwenye mashine ya kushonea palikuwa na shati lenye vifungo viwili.

“Wamemaliza?”

“Wamemaliza.”

“Walisemaje?”

“Wameipenda.”

Shangazi alitikisa kichwa taratibu, akaliweka sinia mezani, akanyoosha vidole kimoja kimoja. Kile cha pete hakikunyooka. Akalivuta shati, akatunga uzi kwenye sindano, akatafuta mahali pa kifungo cha tatu.

Saa kumi na moja na dakika thelathini na mbili, mpangaji wa ghorofa ya juu, ambaye pia alikuwa amenunua toleo jipya, aliweka upande wa pili. Dramu zilisikika kupitia dari. Shangazi akaliweka shati chini na kuliinua sinia.